Kitanda cha Mtoto Kilichoagizwa na Kidole Gumba

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa saluni yangu, mkasi mkononi, namtazama Mkato akipachika bango lake jipya upande wa pili wa barabara.

Kwa wale ambao hamkuwapo: Mkato ni kinyozi niliyefanya naye kazi miaka sita, nikimwita ndugu. Miezi mitatu iliyopita aliondoka bila kuaga. Akafungua duka mkabala na langu, akabeba nusu ya wateja na mashine yangu nzuri ya kunyolea. Kesho yake ya lile bango jipya, kiti changu kikubwa nacho kikanisusa. Ile pampu inayokipandisha na kukishusha ilikohoa mara mbili, kikazama na mteja juu yake, na hakikuinuka tena.

Ndivyo nilivyoianza Jumatatu. Nina hasira kuanzia kisigino hadi utosini. Na mtu mwenye hasira, ndugu zangu, asipewe simu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyebaki nami kwa sababu, alisema, hapendi kuvuka barabara. Nikamkalisha, nikampaka povu mashavu yote mawili, nikamnyoa shavu la kushoto.

"Fundi, mbona nimekaa chini hivi? Magoti yananigusa masikio."

"Vumilia, Mwalimu. Naagiza pampu mpya sasa hivi."

"Maliza kwanza shavu la pili. Povu linakauka."

"Dakika moja tu."

Laiti ningemsikiliza.

Kioo cha simu yangu kimepasuka tangu mwanzo wa mwaka. Ukibonyeza chini, kinaitikia juu. Ukibonyeza juu, kinafikiri kwanza. Nikafungua lile duka la mtandaoni, nikaitafuta pampu, nikaipata. Na kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile, juu yake palikuwa na matangazo ambayo sikuyaomba: nepi, chupa za maziwa, vijisoksi. Kwa wiki kadhaa duka lile lilikuwa likinirushia vitu vya watoto kila nikilifungua. Nilikuwa nimeshayatukana matangazo yale mpaka nikachoka.

Nikabonyeza pampu. Simu ikafikiri. Nikabonyeza tena kwa nguvu, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni.

Ikalia: ting!

"Hongera! Oda yako imepokelewa. Kitanda cha mtoto mchanga, mbao nyeupe, pamoja na godoro na chandarua. Utalipa ukipokea. Mzigo utatoka ghalani baada ya saa mbili."

Nilisoma kwa sauti bila kujijua. Mwalimu akageuka, nusu ya uso ndevu, nusu ngozi.

"Kumbe shemeji ana habari njema! Hongera sana, Fundi!"

"Hakuna habari njema!" nikafoka. "Hakuna mtoto! Nimekosea, basi!"

Mzee wa watu akageukia kioo. Nikaona aibu, lakini hasira ilikuwa mbele, aibu nyuma.

Chini ya ujumbe palikuwa na kitufe cha kughairi oda. Nikakibonyeza kwa kucha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Simu ikanijibu: "Tumetuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti."

Mwenye akaunti ni mke wangu.



Akaunti ile tuliifungua kwa namba yake mwaka ambao simu yangu iliibiwa, na tangu hapo hatujaibadilisha. Maana yake ni kwamba ujumbe wa kwanza, ule wa hongera, nao ulikuwa umeingia kwake. Ulikuwa umelala ndani ya simu yake, unamsubiri aufungue.

Mtauliza, mke akiona oda ya kitanda iliyokosewa, kuna nini? Si atacheka tu?

Ngoja niwaambie jambo ambalo katika wiki zote hizi nimelikwepa.

Mimi na mke wangu tuna miaka tisa ya ndoa. Tumepoteza mimba tatu. Wakati wa ile ya kwanza tulinunua kitanda, tukakiweka chumba kidogo. Mimba ikatoka, kitanda kikabaki. Ya pili ikatoka, kitanda kikabaki. Mke wangu alikuwa akikifuta vumbi kila Jumamosi, kimya kimya, na mimi nikijifanya sioni.

Baada ya ya tatu, siku moja amekwenda kazini, nikakifungua skrubu zake zote. Nikampa mteja wangu ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzi yake. Sikumuuliza mke wangu. Sikumdokeza hata kidogo.

Aliporudi alikuta sakafu tupu na alama nne za miguu ya kitanda.

"Kiko wapi?" akaniuliza.

"Nimekitoa. Tuache kufuga ndoto, mke wangu. Ndoto zinakula na hazitagi."

Niliyasema haya kwa mdomo wangu huu ninaolia chakula. Nilidhani nimesema jambo la busara.

Hakulia. Alichukua ndoo na brashi, akapiga magoti, akasugua zile alama mpaka zikatoka. Ni miaka miwili sasa. Tangu siku ile neno mtoto halijatamkwa ndani ya nyumba yetu, hata kwa bahati mbaya.

Sasa huyu mke ndiye anayepokea ujumbe wa hongera, kitanda cha mtoto kinakuja.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki. Sauti ya mwanamke ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Muziki tena. Nilikuwa muhimu kwa dakika kumi na tisa nzima. Mwisho akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya mafuta.

"Habari ya asubuhi, ndugu mteja. Nikusaidie nini?"

"Nataka kufuta oda. Nimeagiza kitanda kwa makosa."

"Pole sana. Sababu ya kufuta ni ipi? Umebadili mawazo, umepata bei nafuu, au mzigo umechelewa?"

"Nimekosea!"

"Hiyo haipo kwenye orodha, ndugu mteja."

"Kwa hiyo kwenu watu hawakosei?"

"Tuandike umebadili mawazo?"

"Andika unavyotaka, hata andika nimerukwa na akili! Kifute!"

"Sawa. Nitajie zile namba za uthibitisho."

"Ziko kwa mke wangu."

"Basi mwombe mke wako akutajie."

"Siwezi kumwomba!"

Kijana akasema, kwa upole wa kuudhi, "Ndugu mteja, hapo sasa nadhani tatizo si oda."

Nikakata simu. Kama ungekuwa karibu yangu, ungepigwa teke wewe.

Nikavua aproni, nikashika njia. Nyuma yangu nikasikia, "Fundi! Na shavu la pili?"

"Nakuja, Mwalimu!"

Mpaka leo sijui shavu lile lilinyolewa na nani. Nasikia siku ile ile alivuka barabara.

Mke wangu anauza miwani na kusaidia kupima macho, kwenye duka lililo nyuma ya posta. Simu za wafanyakazi hukaa kwenye droo ya kaunta mpaka saa ya mapumziko. Hilo ndilo lilikuwa tumaini langu pekee: niifikie droo kabla yake.

Nikaingia nahema. Kwenye kaunta alikuwapo mwenye duka, Daktari wa macho, mama wa makamo asiyecheka ovyo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba." Akanitazama juu ya miwani yake muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. "Mkeo yuko chumba cha kupimia. Nenda. Na usimpandishie sauti."

Mbona aniambie hivyo? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshaiona droo. Ilikuwa wazi, tupu.

Chumba cha kupimia macho ni kidogo na hakina dirisha. Taa pekee iko nyuma ya ule ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, amevaa koti lake jeupe la kazini. Simu ilikuwa mapajani mwake, inawaka.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Usinirudishie swali. Mwanamke huyo ni nani? Ana miezi mingapi?"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Godoro na chandarua! Changu ulikifungua skrubu moja moja kama unanyonyoa kuku. Yeye unamnunulia chenye chandarua!"

"Nilikuwa naagiza pampu ya kiti!"

"Pampu?"

"Pampu! Kioo changu kibovu, kidole kikateleza!"

Akacheka kicheko kikavu. "Wanaume wengine wanasingizia shetani. Wewe umesingizia kidole."

Hapo na mimi nikapanda. Ndiyo, niliambiwa nisipandishe sauti. Nikapandisha. Nikamwambia tangu Mkato aniibie wateja sijui hata siku ni ya ngapi, mwanamke wa nje nitamtoa wapi na nguvu nitazitoa wapi. Nikamwambia anazo namba za uthibitisho hapo mkononi, tupige simu sasa hivi mbele yake, kitanda kifutwe, asikie kwa masikio yake.

"Piga," akasema. "Weka sauti kubwa."

Nikapiga. Sijui ni bahati au adhabu, safari hii hapakuwa na muziki. Akapokea yule yule kijana wa sauti ya mafuta.

"Ndugu mteja! Umeshaongea na shemeji?"

"Yuko hapa. Chukua namba zako."

Mke wangu akazisoma moja moja, macho yake hayabanduki usoni kwangu. Tukasikia kijana akibofya. Kisha akaguna.

"Samahani. Hapa naona vitanda viwili."

"Nimeagiza kimoja!" nikasema. "Au kidole kimeagiza viwili?"

"Hapana, hiki cha leo ni kimoja, bado kiko ghalani. Kile kingine kiliagizwa wiki mbili zilizopita, na kimeshapokelewa. Ni kitanda kile kile, mbao nyeupe. Sasa, mnataka nifute hiki kipya, au mnarudisha kile cha kwanza? Kwa sababu muda wa kurudisha unaisha leo."

Mkono wa mke wangu ukaruka kama umeungua. Alitaka kunipokonya simu. Nikaiinua juu.

"Kilipelekwa wapi?"

"Ndugu mteja, inasema nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya kituo cha zimamoto."

Geti la bluu, nyuma ya kituo cha zimamoto. Hapo anaishi dada yake mkubwa, mama wa watoto wanne waliokwisha kuota ndevu na kuolewa.

"Kaka, tutakupigia," mke wangu akasema, akauvuta mkono wangu, na kidole chake kikakata simu. Kioo changu, ambacho kwangu hakijawahi kutii, kwake kikatii mara moja.

Tukatazamana. Nilijua kabla hajasema. Koti lile jeupe lilikuwa limefungwa vifungo vya juu tu. Vya chini vilikuwa havifiki tena.

"Ngapi?" nikauliza.

"Minne na nusu."

Jamani, miezi minne na nusu! Nimelala kitanda kimoja na mwanamke miezi minne na nusu, nimeupa ukuta uso, nahesabu wateja wanaoingia kwa Mkato. Nilijua idadi ya vichwa alivyonyoa adui yangu kila siku. Nyumbani kwangu kulikuwa na roho ya tatu na sikuijua.

Mngetegemea nifurahi. Mtu mwema angefurahi. Mimi, Mungu anisamehe, nilishikwa na ghadhabu mpaka herufi za ubaoni zikacheza.

"Nani anajua?"

"Dada."

"Nani mwingine?"

"Daktari hapa. Ilibidi, siku nilipoanguka dukani."

"Ulianguka?"

"Nani mwingine, uliza. Maliza."

"Nani mwingine?"

"Mama yako."

"Mama yangu mimi?"

"Ndiye anayenisindikiza kliniki."

Nikapiga ngumi kwenye meza ndogo ya lenzi, lenzi zikarukaruka. "Mama yangu aliyenizaa! Jumapili iliyopita nimekaa naye, nimemkata kucha za miguu, hajasema neno! Kwa hiyo mimi ndiye mgeni? Mtaa mzima unajua, baba wa mtoto anaambiwa na kijana wa huduma kwa wateja!"

Mlango ukafunguka. Daktari akachungulia. "Nilisema nini kuhusu sauti?"

"Tunamaliza, Daktari," mke wangu akamjibu. Mlango ukafungwa.

Akaniambia polepole, bila kupandisha neno hata moja, na afadhali angenipiga.

"Nilipoiona mistari miwili kwenye kipimo, nilikuja saluni kukuambia. Nilifika mlangoni. Wewe na Mkato mlikuwa mnagombana, ile siku alipotishia kuondoka. Mteja mmoja akakutania, akasema fanya haraka uzae kinyozi wako mwenyewe. Ulimjibu nini?"

Nilikumbuka. Nilitamani nisikumbuke.

"Nilikuwa na hasira," nikasema.

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema hiyo biashara tulishaifunga."

"Ulisema hiyo biashara tulishaifunga. Watu wakacheka. Nikageuza, nikarudi kazini. Mama yako alikuja kununua miwani wiki ile, akanitazama mara moja tu, akajua. Mara moja! Wewe unanitazama kila siku."

Hasira yangu ilikuwa bado imesimama, lakini haikujua tena imwelekee nani. Ikageuka, ikaniangalia mimi.

"Basi tusirudishe," nikasema. "Tusirudishe na tusifute. Kimoja kikae kwa dada yako, kimoja nikifunge mwenyewe nyumbani, chumba kidogo. Nitakifunga leo leo."

"Nyumbani sirudi."

"Unasemaje?"

"Daktari wa kliniki ameniambia nilale. Nisipande ngazi, nisinyanyue ndoo, nisigombane. Dada anakuja kunichukua saa sita. Nguo zangu zimeshafika kwake, nilizipeleka kidogo kidogo. Hukuona kabati linapungua?"

Sikuona. Mnaniuliza na ninyi? Sikuona.

Akainuka, akachukua mkoba wake kwenye msumari, akaanza kukusanya vitu vyake mezani. Kitambaa cha kufutia miwani. Chupa ya maji. Kadi ya kliniki, ya rangi ya waridi, imekunjwa katikati. Niliiona kwa mara ya kwanza, nikataka kuishika, akaitia mkobani.

Nikapiga magoti. Naandika hili bila aibu, mtanisoma hata wateja wangu. Nilipiga magoti kwenye zulia la duka la miwani, nikamshika pindo la koti.

"Nifanye nini? Niambie jambo moja, nitalifanya."

Akasimama. Akafikiri. Kwa nje tukasikia honi ya gari, mara mbili. Dada yake hajui kupiga honi mara moja.

"Sitaki ufanye kitu," akasema. "Nina swali. Nimekaa nalo miaka miwili. Ukinijibu kweli, labda nitakufungulia lile geti. Ukinidanganya, nitajua, na mtoto huyu utamwona siku nitakayopenda mimi kukuonyesha."

"Uliza."

"Ile siku ya yule wa tatu. Nilikuwa peke yangu sakafuni bafuni. Nilikupigia mara kumi na moja. Jioni ukaniambia simu ilizima, chaji imekwisha." Akaufunga mkoba nusu. "Ilizima?"

Ndugu wasomaji, hili sijamwambia mama yangu. Sijamwambia Mkato enzi tukiwa ndugu. Sijamwambia hata Mungu, ingawa Yeye alikuwapo.

Simu haikuzima. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu saluni, wateja wamekwisha, nimeishika mkononi. Niliitazama ikilia. Jina lake likawaka, likazima, likawaka. Nilijua anataka kuniambia nini. Niliogopa kulisikia kwa mara ya tatu, nikajiambia nisipopokea, labda halijatokea. Nilimwacha sakafuni na damu yake kwa sababu ya woga, halafu wiki mbili baadaye nikamhubiria habari ya kufuga ndoto.

Honi ikalia tena, mara mbili.

Uongo ulikuwa tayari kinywani. Umekaa humo miaka miwili, unajua njia. Ningesema "ilizima, wallahi," na pengine angenihurumia, pengine ningelala ndani ya geti la bluu siku ile ile.

Nikamwachia pindo la koti.

"Haikuzima," nikasema.

Mkono wake ukasimama kwenye zipu ya mkoba. Hakunitazama. Alitazama ule ubao wa herufi, mstari wa chini kabisa, kama anajaribu kuusoma.

"Sema tena," akasema.